Namba Niliyoiacha Vilevile

Patan, 6 Saun

Mdogo wangu Manmaya,

Baraka kwako na kwa mama yako. Kondakta wa basi la Bhojpur aliniambia mlilala njiani kwa sababu ya maporomoko, na kwamba abiria waliteremka wakasukuma. Natumaini hukupata homa. Nimepiga simu yako tarehe 1, 2, 4 na 5, haipatikani, kwa hiyo nimeona niandike na kumpa yeye huyo kondakta.

Kikombe chako bado kiko dirishani. Bina wa mapokezi anakiosha kila asubuhi ingawa hakuna anayekitumia, kisha ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuficha. Juzi alisema ofisi yetu imekuwa kama nyumba iliyofiwa, na mimi ni yule mjomba asiyejua kupika chai.

Nina shida ya kazi. Tarehe 3 niliboresha Python, lugha ya programu ya upande wako, kwenye seva, maana ilikuwa inadai kuboreshwa. Tangu hapo R, lugha ya upande wangu, haiioni tena. Upande wangu unapiga hesabu kama kawaida: mgonjwa fulani alichomwa dawa siku fulani, arudi baada ya siku ishirini na moja. Lakini hesabu ikifika darajani, pale R inapoikabidhi kwa Python ili upande wako utume ujumbe wa simu, inasimama. Inasema kifurushi cha programu hakipo, na mimi nakiona kwa macho yangu. Sasa Bina na mimi tunawapigia wagonjwa mmoja mmoja. Wengi wa milimani hawapatikani mpaka wapande kilimani.

Tafadhali niandikie la kufanya, kwa hatua, moja moja.

Kuhusu kikao cha mwezi uliopita, Asar 29, sijui niseme nini. Daktari Amatya, aliyekiongoza, alikuwa na haraka. Orodha ilisema ilichosema. Sikupata nafasi ya kuongea.

Kaka yako,
Dirgha Man Shilpakar


Bhojpur, 17 Saun

Kaka Dirgha,

Shikamoo. Barua yako imefika imelowa pembe moja, lakini kwa mwandiko ule hata ikizama mtoni itasomeka. Unaandika kama majibu ya maabara.

Simu nimeizima mwenyewe. Mama anadhani niko likizo. Jana mke wa jirani aliuliza hii likizo gani ya mwezi mzima, hospitali gani hiyo inayowapa watu mwezi, na yeye apeleke mwanawe. Mama akacheka, akasema binti yangu amefanya kazi sana, wamemhurumia. Nilikuwa napalilia ulezi nikainamisha kichwa mpaka nikang'oa mche badala ya gugu.

Sasa kazi. Hukukosea kusakinisha, umekosea mahali. Ulipoboresha Python, ya zamani iliondoka na vifurushi vyake vyote, na daraja bado linaigongea mlango pale ilipokuwa inakaa. Fanya hivi. Usiguse Python ya seva tena. Tengeneza chumba cha peke yake kwa kazi yetu, uweke humo Python ya toleo lile lile la zamani. Kisha fungua orodha yangu ya vifurushi na usakinishe kila kimoja kwa namba ya toleo iliyoandikwa, si ile mpya unayoiona inang'aa. Kila kifurushi kitakuja na vingine kinavyovitegemea, na hivyo pia vimo kwenye orodha na namba zake. Maliza, kisha upande wa R liambie daraja wazi wazi chumba ni kipi. Usiliache lichague lenyewe, litachagua vibaya. Lugha mbili katika kazi moja ni kama wake wenza, kila mmoja apewe chungu chake na ijulikane nani kaazima chumvi.

Nimeandika neno orodha, nikaweka kalamu chini kwanza. Kwa miaka miwili nilikusumbua kuhusu ile orodha. Kifurushi kikibadilika, hata herufi moja, namba ya toleo ibadilike, na orodha iandikwe. Ulikuwa unaniita karani wa forodha. Na siku ya kikao Daktari Amatya aliuliza swali moja tu: mwezi huu kimebadilika nini? Orodha ikajibu. Mstari mmoja, wangu, kifurushi cha kutuma ujumbe, kutoka 2.0 kwenda 2.1. Basi. Watu kumi na mmoja wa milimani walipewa siku ya uongo, wakafika dawa yao ikiwa imechanganywa jana yake na kumwagwa jioni, wakarudishwa mwisho wa foleni. Wauguzi wakadhani ni mvua na barabara, wakawakaripia kwa kuchelewa. Mwezi mzima. Kama si yule mzee wa Dolakha aliyeng'oa patro, kalenda ya ukutani, nyumbani kwa mwanawe, akaja kuiweka mezani kwa Bina na kusema, "Hapa Asar inaishia 31. Nionyesheni hiyo Asar 32, nije," tungekuwa tunaendelea.

Mimi nikaambiwa nikapumzike nyumbani mpaka nitakapoitwa. Tunajua maana yake.

Nimeipitia 2.1 kichwani kila siku, nikipalilia, nikila. Haigusi tarehe. Inapokea tarehe kutoka R na kuituma. Lakini mtu akikaa peke yake mlimani huanza kuamini walichosema wengine. Usiku naota namba.

Nikuombe jambo moja, na usikasirike. Kifurushi chako cha kalenda, kile cha R, ulichoandika mwenyewe na kukikalia kama kuku. Kinakaa kwenye kompyuta yako, unakileta kwenye seva kwa flashi, kwa hiyo mabadiliko yake hayaachi alama popote. Kwenye orodha ni 1.4 tangu mwaka juzi. Hebu tazama mstari wa mwaka huu. Jeth, mwezi kabla ya Asar, ina siku ngapi mle? Niambie tu, nitulie.

Huna haja ya kunijibu kwa hatua.

Mdogo wako,
Manmaya Sampang


Patan, 28 Saun

Mdogo wangu Manmaya,

Nimefuata maelekezo yako. Daraja limefanya kazi tena tarehe 25, saa nne asubuhi. Asante.

Nimetazama. Jeth ina siku 32, kama patro inavyosema. Toleo ni 1.4 kama siku zote.

Nimesikia kuna hospitali Dharan inatafuta mtu wa programu. Ukitaka nitakuandikia barua ya kukutambulisha, na nitaiandika vizuri. Nitasema una nidhamu kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Hilo ni kweli na sitaona aibu kulisema.

Mvua ni nyingi. Bina anakusalimu.

Dirgha Man Shilpakar


Bhojpur, 11 Bhadau

Kaka Dirgha,

Shikamoo. Asante kwa kutazama. Asante na kwa barua ya Dharan, iandike. Wameshanipigia, maana simu nimeiwasha. Walisikia habari za Asar, ulimwengu huu wa madaktari ni mdogo kuliko tunavyofikiri. Waliniuliza, nami nikasema nilikosea na nimejifunza. Bwana aliyenipigia akasema watafikiria barua yako ikifika.

Nimemwambia mama pia. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno mengi lakini nikasema tu, nimefukuzwa, wagonjwa waliumia kwa kosa langu. Aliendelea kupepeta. Baadaye alinipa yai la kuchemsha kama nilivyopewa nikiwa mdogo nikianguka mtihani.

Nisamehe kwa kukushuku. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika programu yangu ya kwanza, wewe mwenyewe uliyeishia sekondari na kujifunza mengine kwa daftari. Tangu nianze kazi sina ndugu mwingine ninayempaka tika ya baraka kwenye paji la uso siku ya Tihar, sikukuu ya kaka na dada. Nilipoandika lile swali nilijisikia kama mwizi.

14 Bhadau

Kondakta hajapita, daraja la mto Pikhuwa limefungwa, na mimi barua sijaifunga. Niendelee.

Jana sokoni Bhojpur nilikutana na mama mmoja, Suntali, kutoka ng'ambo ya pili. Mumewe Jitman anachomwa dawa kwetu. Alinisikia nikitaja hospitali akaja mwenyewe. Ni mmoja wa wale kumi na mmoja. Walikaa siku arobaini wakisubiri foleni, wakilala sakafuni kwa shangazi yake, mtaa wa Koteshwor. Jitman amekonda lakini anatembea. Sasa wamerudishiwa nafasi yao.

Hakuja kulaumu. Alikuja kuomba msamaha. Aliniambia yeye hajui kusoma vizuri, na siku ile alikosea kusoma ujumbe, akamchelewesha mumewe. Nikamuuliza nani kamwambia alikosea. Akasema muuguzi alimkaripia mbele ya watu, naye akaenda ukumbini akiwa ameinua simu, akimtafuta mtu wa kumsomea. Akampata bwana mmoja mpole. Bwana aliusoma, akausoma tena, akamrudishia simu, akamwambia, "Umekosea kusoma, mama. Umechelewa." Tangu siku ile, alisema, hajamwangalia Jitman usoni akimpa chakula.

Bado anao ule ujumbe. Hajaufuta, alifikiri ni cheti. Unasema Asar 12, wala si vigumu kuusoma. Na kadi ya Jitman, kwa mkono wa muuguzi, inasema alichomwa Jeth 22. Nilihesabu kwa vidole pale sokoni, katikati ya mafungu ya tangawizi. Siku ishirini na moja kutoka Jeth 22 ni Asar 11. Ili upate Asar 12, lazima Jeth iwe na siku 31.

Jeth ya mwaka jana ilikuwa na siku 31. Nakuandikia hili kwa sababu unapenda hesabu.

Nilimuuliza yule bwana alikuwaje. Alisema sura haikumbuki vizuri, alikuwa analia. Anakumbuka tu alikuwa na kalamu inayoning'inia shingoni kwa kamba, na kwamba kalamu ilikuwa ikimgongagonga kifuani wakati anasoma.

Manmaya


Patan, 26 Bhadau

Manmaya,

Safari hii sikutumii baraka. Sina ninachokubariki nacho.

Nitaandika kwa tarehe, kwa sababu sijui njia nyingine. Unajua kwamba ninaandika shajara tangu nilipomaliza shule. Sikuwahi kumwonyesha mtu.

Chait 27, mwisho wa mwaka uliopita. Nimeandika hivi: "Wagonjwa wa mzunguko ujao wanaingia mwaka mpya, na jedwali langu la kalenda halina mwaka mpya. Nimenakili mstari wa mwaka huu kuujazia, nitarekebisha nikipata patro. Namba ya toleo nimeiacha 1.4, ili M. asianze hotuba yake." Unajua kama mimi kwamba miezi yetu haina kanuni, wanajimu ndio wanaosema mwezi upi una siku ngapi, na kila mwaka wanasema vingine. Mtu hawezi kubahatisha. Na patro ya mwaka mpya ilikuwa imeshatoka. Ilikuwa inauzwa Mangal Bazaar, chini ya dirisha langu. Sikushuka ngazi. Sina sababu nyingine ya kuandika hapa. Sikushuka ngazi.

Uliwahi kuniambia jedwali liwe moja tu, upande mmoja, na lugha nyingine iliulize kupitia daraja. Nilikataa. Nilisema langu ni la zamani kuliko lako. Kwa hiyo tarehe iliingia mlango wa R ikiwa sahihi na kutoka mlango wa Python imeharibika, na hakuna hata kitu kimoja kilicholalamika, kwa sababu pande zote mbili ziliamini 1.4 ni ile ile.

Asar 12. Shajara inasema: "Mvua kutwa. Nimekula momo na Bina." Basi. Mama Suntali hayumo. Niliisoma simu yake mara mbili, kama alivyokuambia. Mara ya kwanza nilidhani amechelewa kweli. Mara ya pili niliona, nikajua, pale pale, kabla sijamrudishia simu. Ningeweza kupanda ngazi kumi na nane nikarekebisha, na wale wanane waliobaki wangefika siku yao. Nilimwambia kosa ni lake. Halafu nikaenda kula momo. Mtu anayeficha jambo hata kwenye shajara yake anamficha nani?

Sikurekebisha kwa sababu ningelazimika kueleza. Na nilijua kwamba ikifika Saun kosa lingejiponya, maana siku moja iliyopungua kwenye Jeth ya jedwali langu, Asar yake iliirudisha. Nilikuwa nangoja mwezi uishe. Kila siku nilimwona mtu wa milimani akikaripiwa dirishani, nami nikahesabu siku zilizobaki.

Asar 27, siku ya yule mzee wa Dolakha. Ukurasa nimeuchana, umo ndani ya bahasha. Soma mwenyewe. Unasema nilirekebisha mstari, Jeth 32, Asar 31, nikapeleka kwenye seva kwa flashi, na namba nikaiacha vilevile tena. Kwa hiyo siku mbili baadaye, Daktari Amatya aliponiambia nikague jedwali la R mbele ya kikao, nilifungua na kila mtu akaona liko sawa. Ulikuwa umekaa mkabala nami. Uliitikia kwa kichwa ukisema, basi kosa ni langu. Ulisema taratibu kama mtu anayekubali zamu yake ya kufagia.

Nilipokuandikia kwamba sikupata nafasi ya kuongea, nafasi ilikuwepo. Daktari Amatya aliuliza mara mbili kama kuna mwenye la kuongeza. Nilikuwa nimeshika kalamu.

Nilipokuandikia kwamba Jeth ina siku 32, sikudanganya hata neno moja. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nilianza kuandika barua yako ya Dharan mara tatu. Kila nilipofika kwenye neno nidhamu niliacha. Barua yako ilipofika nilikuwa kwenye ya nne.

Jana, tarehe 25, nilimpelekea Daktari Amatya shajara nzima na barua ya kurasa mbili. Aliisoma akiwa amesimama. Akaniuliza kwa nini leo. Nilitaka kusema kwa ajili yako, lakini isingekuwa kweli. Nilimjibu, "Kwa sababu nimeonekana." Aliketi. Akasema bora nimesema hivyo kuliko kujipamba.

Nimerudishwa kwenye rafu za mafaili, nilikoanza. Kifurushi cha kalenda kimeondolewa seva, sasa lugha zote mbili zinatumia jedwali lako. Barua ya kukuita kazini imo humu, ina muhuri. Nakala ya ungamo langu imetumwa Dharan kwa jina la yule bwana, ili usiwe tena na la kuwaeleza.

Siombi kitu. Tihar inakuja na najua nitakaa nyumbani.

Dirgha Man


Bhojpur, 4 Asoj

Kaka Dirgha,

Barua zote zimefika, kondakta akasema bahasha yako ni nene kama ya mahari.

Nilimsomea mama ungamo lako lote, polepole, pamoja na habari ya momo. Alisikiliza akimenya vitunguu saumu. Mwishoni akauliza, "Huyu ndiye uliyekuwa unampaka tika?" Nikasema ndiye. Akasema, "Basi alikuwa akitazama chini mwaka jana? Hukuona?" Nikasema mwaka jana alikuwa hajafanya kitu bado. Mama akakubali kwamba hilo ni kweli, ila kwa shingo upande.

Sirudi Patan. Dharan wamenipigia tena, naanza mwezi ujao, Kattik. Yule bwana alisoma barua yako na hakuuliza lolote, aliuliza tu kama ni kweli ninawalazimisha watu kuandika namba ya toleo hata kwa herufi moja. Nikasema ni kweli. Akasema wenzangu watanichukia.

Kikombe mpe Bina.

Kuhusu Tihar usiniulize bado.

Ukurasa wa Asar 27 nakurudishia. Uliuchana vibaya, umeng'oa na nusu ya tarehe 28. Siutaki. Ungekaa kwangu, shajara yako ingebaki ile ile kwa nje na pungufu kwa ndani, na hata jalada lisingeonyesha. Hiyo kazi umeshaifanya mara mbili. Ubandike mahali pake. Gundi imo kwenye droo yangu ya juu. Na Asar 12, chini ya momo, pana nafasi. Niliwahi kuona unavyoandika, huwa unaacha mistari mitatu.

Nilipanda ng'ambo ya pili kwa Suntali, mwendo wa saa tatu. Nilimwambia ujumbe ndio uliokosea, yeye alisoma sawa. Alinitazama kama namdanganya kwa huruma. Akasema yule bwana alikuwa mtu wa hospitali na alisoma mara mbili. Nilimhesabia siku kwa mbegu za mahindi, Jeth nzima, sakafuni, na bado akasema labda. Jitman alicheka. Suntali hakucheka. Mimi sitoshi kwake. Anahitaji kusikia kutoka kwenye mdomo ule ule.

Dawa ya Jitman ni Asoj 20, Jumanne. Nimehesabu kwa patro na nimeandika na siku ya wiki kwenye kadi. Watafika kabla ya saa nne, atapita ukumbi ule ule. Ushuke kutoka kwenye rafu zako usimame pale ulipokuwa umesimama.

Sura haikumbuki. Vaa ile kalamu.

Manmaya